Kusafisha maji ya kisima kwa tangi la samaki wa baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya msingi

Maji haya tunakunywa nyumbani bila tatizo. Kwa nini yasifae tangini?

Kufaa kunywa ni jambo moja, kufaa tangini ni jingine. Chukua shaba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unakubali shaba hadi miligramu 2 kwa lita ya maji ya kunywa. Wanaotibu samaki kwa dawa ya shaba huiweka miligramu 0.15 hadi 0.25 tu kwa lita, na kiasi hicho tayari kinaua kamba, konokono na matumbawe. Maji yaliyofaulu vipimo vyote vya kunywa yanaweza kuwa na shaba mara kumi ya ile inayoua viumbe hao.

Isitoshe, maji ya bomba kuna mtu aliyeyapima kabla hayajakufikia. Ya kisima usipoyapima wewe, hayapimwi.

Bahari yenyewe imejaa madini. Haya ya kisima yanaongeza ubaya gani?

Ubaya mkubwa uko kwenye maji ya kujaliza. Tangi hupoteza maji kwa mvuke kila siku, na kinachopaa ni maji matupu. Kila kilichoyeyuka humo kinabaki. Tuseme tangi lina lita 200, linapoteza lita 2 kwa siku, na kisima kina naitreti miligramu 20 kwa lita. Kila siku unaongeza miligramu 40 za naitreti, sawa na 0.2 kwa kila lita ya tangi. Baada ya siku 30 umepandisha naitreti kwa miligramu 6 kwa lita bila samaki hata mmoja kula. Shaba ya miligramu 0.1 kwa lita, kwa hesabu ileile, inaongeza 0.03 kwa mwezi, na haitoki mpaka uitoe.

Ndiyo maana maji ya kujaliza yanatakiwa kuwa safi kuliko hata yale ya kuchanganyia chumvi. Wengi hufanya kinyume: wanasafisha maji ya siku ya kubadilisha, halafu wanajaliza kwa ndoo ya kisimani.

Si nichemshe tu, au niweke shabu?

Kuchemsha kunaua vijidudu na kutoa sehemu ya ugumu, ile chokaa inayoganda chini ya birika. Naitreti, shaba, fosfeti na silika zinabaki, tena kwa wingi zaidi katika kila lita kwa kuwa maji yamepungua. Shabu inakusanya tope na kulizamisha, lakini yenyewe ni chumvi ya alumini, na alumini inayobaki majini huziba membreni ya RO, yaani utando mwembamba wa mashine inayosafisha maji kwa kuyasukuma kwa presha yapenye humo. Taa ya UV nayo inaua vijidudu bila kuondoa kitu chochote kilichoyeyuka.

Kuyaacha maji yatulie huku yakipulizwa hewa kuna faida kweli, ila ni kwa visima vya aina fulani. Tazama maswali ya chuma na ya resini (punje zinazokamata chumvi iliyovuka RO) hapo chini.

Nafuga samaki tu, sina matumbawe. Bado nahitaji haya yote?

Samaki wanavumilia zaidi, na kwa kisima kizuri mashine ya RO bila resini inaweza kutosha. Ukishaweka kamba, konokono, jongoo bahari au matumbawe, weka resini pia.

## Kupima kisima

Nipime nini kabla ya kununua mashine?

Pima ugumu, chuma, manganizi, naitreti, pH, shaba na TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Ukiweza ongeza silika, fosfeti na amonia, hasa kama kisima ni kirefu na maji yake yanatoka bila oksijeni. Harufu ya mayai viza utaipima kwa pua, papo hapo kisimani.

Fanya vipimo kwanza, nunua baadaye. Mashine ya RO ya nyumbani imetengenezwa kwa ajili ya maji ya bomba, ambayo tayari yameondolewa chuma na tope. Ukiifunga moja kwa moja kwenye kisima chenye chuma, unalipia membreni mpya kila baada ya muda mfupi ili ifanye kazi ya chujio la mchanga.

Sampuli inachukuliwaje?

Acha pampu ifanye kazi dakika 10 ili maji yaliyolala kwenye mabomba yatoke. Chukua maji karibu na kisima iwezekanavyo, kabla ya tangi la juu na kabla ya kifaa chochote cha kusafisha. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze hadi juu pasibaki hewa, ifunge. pH pima hapohapo. Ikikaa hata saa chache jibu linabadilika. Kama unashuku shaba kutoka kwenye mabomba ya nyumba, chukua sampuli ya pili kwenye koki utakayotumia, asubuhi kabla mtu hajaifungua.

Rudia vipimo msimu wa mvua. Visima vifupi hubadilika sana mvua ikinyesha: tope linapanda, na karibu na mashamba, mazizi au vyoo naitreti inapanda pia.

Kipima TDS pekee hakitoshi?

Hapana. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme na kubashiri kiasi cha chumvi kwa ujumla. Kikisoma 300, hakijui kama hizo ni chokaa isiyo na madhara au naitreti, na silika, dawa za mashambani na bakteria hakizioni kabisa. Kazi yake ni kukuonyesha kama mashine inafanya kazi, na kwa hilo hakina mbadala.

## Mpangilio wa mashine

Hatua zinapangwaje?

Anza na chochote kisima chako kinachodai (kuondoa chuma, kulainisha, kupuliza hewa), kisha chujio la mashapo la mikroni 5 likifuatiwa na la mikroni 1, kaboni (chujio la mkaa), membreni ya RO, na mwisho resini. Kila hatua inailinda inayofuata. Membreni nzima inazuia asilimia 95 hadi 98 ya ioni, yaani chembe za chumvi zilizoyeyuka. Resini inakamata zilizobaki mpaka kipima kisome 0.

Unapofunga mashine mpya, pitisha maji kwenye mashapo na kaboni kwanza bila membreni, mpaka vumbi jeusi liishe. Kisha weka membreni, ile ncha yenye pete mbili ndogo za mpira ikitangulia kuingia, na isukume mpaka uhisi imekaa. Pete zisipokaa vizuri, maji machafu yanapita pembeni na utadhani membreni ni mbovu. Endesha saa moja hadi mbili ukimwaga maji yote kabla ya kuunganisha resini. Kopo la resini lisimame wima, maji yaingie chini na kutokea juu, na liwe limejaa hadi mdomoni. Likiwa na nafasi, maji hujitafutia njia pembeni bila kugusa punje.

Maji ya kisima hayana klorini. Niondoe kaboni?

Iache. Inakamata dawa za wadudu, mafuta na rangi ya majani yaliyooza. Pia ni kinga siku kisima kitakapotiwa dawa. Tazama sehemu ya mwisho.

Tangi langu la maji liko juu ya paa. Presha inatosha?

Haitoshi. Kila mita 10 za kimo zinatoa baa 1 tu, kwa hiyo tangi lililo mita 5 juu ya mashine linakupa nusu baa. Membreni za nyumbani zinataka baa 3.5 hadi 5.5. Funga pampu ya kuongeza presha kabla ya membreni, yenye swichi inayoizima tangi la kisima likiisha maji. Presha ikiwa ndogo, maji yanatoka kidogo na pia yanatoka machafu zaidi, kwa sababu chumvi hupenya membreni kwa kasi ileile huku maji yakipenya polepole.

Ubaridi nao unapunguza: kwa kila nyuzi 1 chini ya 25, tarajia upungufu wa asilimia 3 hivi. Membreni ya galoni 75 kwa siku, sawa na lita 280 hivi, hutoa kiasi hicho kwa nyuzi 25 na presha iliyoandikwa kwenye lebo.

Maji yanayomwagwa ni mengi mno. Naweza kuyapunguza?

Mpangilio wa kawaida ni lita 4 za kumwaga kwa kila lita 1 safi, na hapo maji ya kumwaga yana chumvi mara 1.25 tu ya ile ya kisima. Ukibana mpaka 1 kwa 1, chumvi upande huo inakuwa mara 2, na kwa maji magumu chokaa itaganda juu ya membreni. Kama kisima chako ni laini, au umekilainisha, unaweza kushuka hadi 2 kwa 1 kwa usalama. La sivyo yakusanye maji hayo ufulie, usafishie sakafu au umwagilie. Ila maji ya kumwaga ya kisima cha chumvichumvi, au ya kisima ulichokilainisha, yasipelekwe bustanini.

## Visima vyenye matatizo yake

Maji yanatoka meupe, yakikaa yanakuwa na rangi ya kutu. Nifanyeje?

Hicho ni chuma kilichoyeyuka. Chini ya ardhi hakuna oksijeni, kwa hiyo chuma kinakaa kimeyeyuka bila rangi. Kikikutana na hewa kinageuka kutu na kuanguka. Membreni inavumilia chuma kisichozidi miligramu 0.1 kwa lita. Zaidi ya hapo kutu hujijenga ndani yake, mahali ambapo huwezi kusugua.

Njia rahisi ni kukigeuza kutu kabla hakijafika. Jaza tangi la plastiki, maji yaingie kwa kurushwa kama bafu ya mvua, weka pampu ya hewa yenye mawe mawili na uache usiku kucha. Zima hewa, acha mashapo yatulie saa sita au zaidi, kisha vuta maji kupitia koki iliyo sentimita 15 juu ya sakafu ya tangi. Yapitishe kwenye chujio la mchanga, kisha mikroni 5 na 1. Pima chuma baada ya hapo, usitegemee macho. Kama pH ya maji iko chini ya 7, kutu hujitengeneza polepole sana. Lakini kupuliza hewa mara nyingi huipandisha pH, na hapo kazi inakwenda.

Manganizi ni sugu zaidi. Inaacha madoa meusi, kikomo chake ni miligramu 0.05, na hewa peke yake haiitoi kwa pH ya kawaida. Inahitaji chujio lenye punje maalumu za kuondolea manganizi.

Utelezi wa rangi ya kutu ndani ya tangi la choo ni dalili ya bakteria wa chuma. Hao huziba machujio haraka kuliko kutu yenyewe, na dawa yao ni kutibu kisima.

Maji yananuka mayai viza.

Ni haidrojeni salfaidi. Ni gesi, membreni haiizuii. Pulizia hewa kwa namna ileile ya chuma, mahali penye upepo, na usubiri harufu iishe kabisa. Salfa nyeupe inayobaki kama maziwa mepesi itanaswa na machujio ya mashapo.

Maji ni magumu, sabuni haitoi povu. Je, kilainishi kinaharibu maji ya tangi?

Kinasaidia. Kilainishi kinachukua kalsiamu na magnesiamu na kuacha sodiamu mahali pake. TDS haishuki, jambo linalowashtua wengi, lakini sodiamu haigandi na membreni inaizuia vizuri. Ugumu ukizidi miligramu 170 kwa lita, ni busara kukiweka kabla ya RO. Usiyatumie maji ya kilainishi peke yake tangini. Naitreti, silika na shaba zimo bado.

TDS baada ya membreni ni ndogo, lakini resini inaisha ndani ya wiki chache. Kwa nini?

Kwa kisima, mshukiwa wa kwanza ni hewa ya ukaa. Maji ya chini ya ardhi yanaweza kubeba makumi ya miligramu za gesi hii kwa lita. Membreni haizuii gesi, na kipima TDS karibu hakiioni. Mashine inasoma 6 ukafurahi, huku resini inapokea mzigo mara kadhaa ya huo. Inayoumia ni resini ya ioni hasi, kwa sababu gesi hiyo ikiwa majini hugeuka asidi na kunaswa upande huo.

Kuthibitisha ni rahisi. Pima pH ya maji yanapotoka tu kisimani. Weka mengine kwenye ndoo yenye pampu ya hewa kwa saa 24, pima tena. Ikipanda nusu nukta au zaidi, umempata.

Dawa yake ni kuitoa gesi, lakini mahali pa kuitoa panategemea ugumu. Kama maji ni laini, puliza hewa kabla ya mashine. Kama ni magumu, kufanya hivyo kunapandisha pH na kuifanya chokaa igande kirahisi zaidi kwenye membreni. Hapo kusanya maji ya RO kwenye pipa, puliza hewa usiku kucha, halafu yasukume kwa pampu ndogo kupitia resini. Maji yaliyopulizwa vizuri yanabaki na hewa ya ukaa nusu miligramu hivi kwa lita.

Njia nyingine ni kutenganisha resini: kopo la ioni chanya, kopo la ioni hasi, kisha la mchanganyiko. Ya hasi ikichoka unabadilisha hiyo tu. Kabla ya kutumia fedha huko, hakikisha membreni yenyewe ni nzima, kwa sababu resini hudumu mara mbili kila unaposhusha nusu ya TDS inayoingia kwake.

Kisima kiko karibu na shamba na naitreti iko juu. RO itaitoa?

Sehemu kubwa, si yote. Naitreti hupenya kuliko chumvi nyingi nyingine, kwa hiyo kwa kisima cha namna hii resini si ya hiari. Usiitumie mpaka ichoke kabisa: ikielemewa, inaachia kwa mkupuo ilichokamata mwanzo, na maji yanayotoka yanaweza kuwa mabaya kuliko yaliyoingia.

Maji yana ladha ya chumvi. Mashine ya nyumbani itayaweza?

Kwa kipimo. Kila miligramu 1000 za chumvi kwa lita zinakula presha ya baa 0.7 hivi. Kisima cha 3000 kinakunyang'anya baa 2 kabla tone halijapita. Membreni nyingi za nyumbani zinatajwa kwa maji yasiyozidi 2000. Na usiihesabu chumvi hiyo kama sehemu ya chumvi ya bahari. Uwiano wa madini ya kisima haufanani na wa bahari.

## Uendeshaji na matunzo

Nitajuaje membreni imechoka?

Pima TDS inayoingia na inayotoka kabla ya resini. Toa ya pili kwenye ya kwanza, gawanya kwa ya kwanza, zidisha kwa 100. Kisima cha 400 kinachotoa 8 kina asilimia 98, hakina neno. Ikishuka chini ya 90, na presha ni nzuri na pete zimekaa sawa, badilisha. Machujio ya mashapo yabadilishe kwa kuangalia presha, si kalenda: ikishuka ghafla baada yake, yameziba.

Kila nikiwasha mashine, TDS inaanza juu kisha inashuka.

Ni kawaida. Mashine ikiwa imelala, chumvi hupenya polepole mpaka pande mbili za membreni zikaribiane. Mwaga maji ya dakika tano za kwanza kabla hayajafika kwenye resini. Vali ndogo ya njia tatu inafanya kazi hiyo. Kujaza pipa mara moja kwa wiki ni bora kuliko kuwasha dakika kumi kila siku.

TDS ni 0 lakini mwani wa kahawia haukomi.

Kwa tangi la wiki chache, subiri. Huo hupita wenyewe. Kwa tangi la zamani, shuku silika. Resini inaishika kwa udhaifu na huiachia mapema, wakati kipima bado kinasoma 0. Pima silika kwa kifaa chake kwenye maji ya pipa. Ikiwamo, badilisha resini, na siku zijazo weka kopo la pili la akiba: la kwanza likianza kusoma 1, la pili linaingia mahali pake na jipya linakuja nyuma.

pH ya maji safi inasoma 5.8. Ni mabaya?

Hapana. Maji matupu hayana kitu cha kushikilia pH, hewa kidogo tu inayashusha. Chumvi ikiingia yatapanda hadi 8.0 au 8.3.

Niyahifadhi na kuyachanganya vipi?

Tumia pipa la plastiki la chakula lenye kifuniko, koki ya plastiki, pasiwe na shaba wala shaba nyeupe popote. Chumvi inaongezwa kwenye maji, si maji kwenye chumvi. Ukigeuza, kalsiamu inaganda na kuyafanya maji kama maziwa. Kwa lita 100 anza na kilo 3.5, pampu ikizungusha maji yenye nyuzi 25, kisha rekebisha hadi refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi) isome 35 kwa elfu, sawa na 1.026. Lebo ya chumvi yako itakuambia isubiriwe saa ngapi.

## Hali zisizo za kawaida

Kisima kimetiwa klorini kuua bakteria. Nitumie lini tena?

Pampu maji nje mpaka kipande cha kupimia klorini kisome 0, ndipo ufungue mashine. Dozi ya kusafishia kisima ni miligramu 50 hadi 200 kwa lita, inaimaliza kaboni haraka, na klorini ikivuka kaboni inaharibu membreni moja kwa moja. Uharibifu huo haurekebishiki.

Nasafiri mwezi mmoja.

Membreni iliyokwisha kulowa isikauke. Itoe, ifunge kwenye mfuko wenye maji safi kidogo, weka kwenye friji bila kugandisha. Ukirudi, mwaga maji ya saa moja.

Kisima kiko ufukweni na maji yake ni ya bahari kabisa. Niyatumie moja kwa moja?

RO ya nyumbani haihusiki hapa. Maji ya bahari yanataka presha zaidi ya baa 27 kabla hayajaanza kupenya. Lakini yanaweza kufaa yalivyo, kwa kuwa mchanga umeyachuja tayari. Pima kwanza: chumvi 33 hadi 35 kwa elfu, kalsiamu karibu miligramu 410, magnesiamu karibu miligramu 1280 kwa lita. Zikiwa mbali na hapo, maji ya mvua au ya ardhini yamechanganyika humo. Tatizo lake la kawaida ni kukosa oksijeni, pamoja na amonia, chuma na harufu ya salfa. Yapulize hewa saa 24, yatulize, yapitishe mikroni 1, kisha pima amonia na chuma. Amonia ikisomeka hata kidogo, yaendeshe kwenye pipa lenye mawe yaliyokwisha kukomaa, yaani yenye bakteria wanaokula amonia, mpaka isome 0.